Jeraniamu ya Marlys na Tanuri la Oktoba

Jumatano, 25 Septemba
Baridi imebisha hodi. Asubuhi paa la gari lilikuwa jeupe kwa umande ulioganda. Toivo, jirani yangu, tayari ameingiza maua yake yote ndani. Mwoga! Mimi nikakaa barazani na kahawa, kwa mbwembwe, ili anione. Akapiga kelele kutoka upande wake wa uzio: eti mzee Orville, mwaka huu utaizika hiyo jeraniamu. Nikamwambia azike nyanya zake kwanza.

Jeraniamu, ua la chunguni, ni ya marehemu mke wangu, Marlys. Zilikuwa nyingi, imebaki moja tu. Nyekundu, shina gumu kama mguu wa kuku. Mbegu yake ni ya dirishani kwa mama yake, kule shambani. Siku tuliyooana alikuja nayo garini, ameipakata, gauni jeupe lote udongo! Nikisugua jani na kunusa vidole, yuko hapa hapa. Basi haitakufa. Nimesema.

Alhamisi, 26 Septemba
Simu kutoka kwa Ardis, dada wa Marlys. Kauliza kama nimeiosha, kama nimetazama wadudu chini ya majani. Nikasema kila kitu shwari. (Bado iko nje.) Atakuja Jumapili ya wiki ijayo kuikagua. Akiikuta imenyauka, anaondoka nayo, chungu na vyote. "Usinichezee, shemeji. Ua lile si lako peke yako."

Marlys aliyaogesha maua yake moja moja kwenye sinki la kufulia, povu mpaka viwikoni, akiyasemesha Kinorwei cha mama yake. Mimi Kinorwei sina. Na sabuni imeisha.

Jumamosi, 28 Septemba
Nimeiingiza jikoni. Sijaiosha, mvua ya juzi inatosha. Chura katoka chunguni! Kakaa katikati ya zulia ananitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nimemfukuza na ufagio. Yuko nyuma ya kochi. Leo kashinda yeye.

Jumanne, 1 Oktoba
Baridi mpaka ndani. Pumzi yangu naiona nikikoroga uji. Lakini tanuri la kule chini, la kupasha nyumba nzima joto, siwashi! Mtaa huu kila mtu anajua: mwanamume haswa hawashi kabla ya katikati ya Oktoba. Anayetangulia huchekwa kwenye kahawa ya kanisani mpaka Krismasi. Mimi na Toivo tunashindana tangu tulipokuwa na nywele. Nachungulia bomba lake la moshi kutwa. Kimya. Basi na langu kimya.

Enzi za Marlys sikushindwa hata mwaka mmoja. Alishuka chini mwenyewe, akawasha, akapanda ngazi akisema, "Si kwa ajili yetu, Orville. Ni kwa ajili ya maua." Nami nilinung'unika kidogo, kulinda heshima, huku miguu inapata moto. Toivo akiuliza, nilimwambia aliyewasha ni mke, na mke hahesabiwi. Nimelikumbuka hilo leo nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikamkumbuka sana.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimepata akili! Oveni ya jikoni si tanuri. Oveni haihesabiwi. Tangu asubuhi naoka viazi, jeraniamu iko kando, nimeivika kofia yangu ya kuwindia. Jikoni joto tamu, vioo vimejaa mvuke.

Jioni Toivo kapita na mbwa. Kaona vioo. "Ahaa! Umewasha! Mzee kaishiwa!" Mimi? Nikafungua dirisha wazi kabisa, nikaegemea pale na shati jepesi, nikamwambia ndani kwangu ni baridi kuliko nje, aje aguse ukuta. Tukabishana mpaka mbwa akachoka. Toivo kaenda zake. Ushindi! Nimezima oveni, nimekula viazi vitano, nakwenda kulala.

Ijumaa, 4 Oktoba
Dirisha sikulifunga.

Jeraniamu imekuwa nyeusi, imelegea kama mchicha uliochemshwa. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Baridi imeshika mpaka kwenye shina. Nilisugua jani, halikunukia kitu. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 5 Oktoba
Kesho Ardis! Nimezunguka mji mzima kutafuta jeraniamu nyekundu niitie kwenye chungu kile kile. Wanauza maboga tu. Mwisho, nikameza aibu, nikagonga kwa Toivo.

Kanipitisha chumba cha nyuma. Joto! Hita ya umeme inanguruma sakafuni. Ndiyo maana bomba halitoi moshi, mwizi huyu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme. Kaangalia viatu vyake, kasema taratibu, "Si kwa ajili yangu, mzee. Ni kwa ajili ya maua."

Maneno yale nayajua ni ya nani. Nikainua macho. Dirisha zima jeraniamu nyekundu, kwenye makopo ya kahawa. Makopo ya kahawa ya kwetu. Kumbe kila msimu wa majani kuanguka Marlys alimpitishia vipandikizi juu ya uzio. Alimwambia, "Orville kichwa kigumu. Lazima mtu akae na akiba." Nikaomba kiti.

Jumapili, 6 Oktoba
Ardis kaja na bakuli la tambi na samaki. Kaikagua jeraniamu. Nikasema imekonda kidogo kwa sababu ya safari ya kuingia ndani. Kasugua jani, kanusa vidole, macho yakamlenga machozi. Kisha kasema, "Hii umechukua kwa Toivo. Na mimi ya kwangu niliiua mwaka jana, nikachukua kwake." Tumecheka mpaka chura katoka nyuma ya kochi. Ardis kapanda juu ya kiti.

Kabla hajaondoka nilishuka kuwasha tanuri. Kwa ajili ya maua. Nyumba inanukia kama zamani.

Lakini Toivo asijione. Kila mwaka hathubutu kutoa maua yake nje mpaka Mei iishe, na Marlys alikuwa vivyo hivyo. Hii ya kwangu itakuwa barazani tarehe mosi Mei, asubuhi, aione akiamka. Baridi ya Mei itamfanya nini mtu?