Kamati ya Kuhuisha Kompyuta ya Bi Mwanaharusi

Napenda kuutangazia umma wa Mlingotini, Kerege na dunia kwa ujumla kwamba mchakato shirikishi wa kubaini ni kipuri kipi kikibadilishwa kinaiinua zaidi kompyuta kuukuu ya gemu umekamilika kwa mafanikio makubwa. Mimi, Bwanausi, ndiye katibu wa kamati. Mihuri yote miwili ninayo mimi.

Kompyuta yenyewe ni ya Bi Mwanaharusi, mjane wa miaka sitini na tatu, mwenye kibanda cha gemu na vitumbua hapa Mlingotini. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda sokoni ukarudi ukaikuta bado inakukaribisha. Siku moja Mheshimiwa Mwinyimvua, mwenyekiti wetu wa maendeleo, alipita hapo akacheza gemu la mpira na bibi mwenyewe. Akafungwa nne bila. Kila baada ya bao Bi Mwanaharusi aliweka pedi ya kuchezea chini, akageuza vitumbua vyake, akarudi kumfunga tena.

Mheshimiwa alisimama, akafunga vifungo vya koti na kutamka: "Kompyuta hii imezeeka. Haiwezi kubeba uwezo wangu."

Kesho yake kibanda kilizungushiwa utepe kupisha utafiti, na kamati ya watu kumi na mmoja ikaundwa. Bi Mwanaharusi akaja ofisini.

"Bwanausi mwanangu, mimi nakula kwa kibanda hicho. Nitakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka mchakato ukamilike, bibi."

"Na huo mchakato unaliwa na chai au mkavumkavu?"

Nikaliandika swali lake chini ya kichwa cha Maoni ya Wadau.

Sayansi inataka kigezo kisichobadilika. Tukaazimia kwamba kila kipuri kikibadilishwa, Mheshimiwa atacheza tena na Bi Mwanaharusi, na matokeo yataingizwa kwenye jedwali. Fundi tulimchukua Adila, dada mtengeneza simu wa Kerege, ambaye ana kipaji lakini hana subira na vikao.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa Mheshimiwa: kitambaa cha kufuma chenye maua, kiifunike kompyuta yote, nayo ipate heshima kama televisheni ya mtu mstaarabu. Dakika ya sitini joto likaizima. Matokeo: tatu bila. Wajumbe walipiga makofi, maana kwa kitambaa tu tulikuwa tumepunguza mabao kwa asilimia ishirini na tano.

"Mheshimiwa, hapo mashine imezimia," alisema Adila. "Mmeziba matundu ya feni. Na humo ndani kuna vumbi la kufyatulia tofali."

"Binti, kwanza salamu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa fungeni taa."

Kitambaa kikatolewa, zikafungwa taa za rangi. Nne bila, ila safari hii kwa rangi saba.

Ndipo Adila aliporuhusiwa kufanya mambo yake. Akapuliza vumbi: tano bila. Akaongeza ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kompyuta ikaacha kuganda kila Bi Mwanaharusi alipokaribia lango: saba bila. Hapo ukweli mchungu ukaanza kuchungulia, kwamba ule ugandaji ndio uliokuwa beki tegemeo wa Mheshimiwa. Ikaja diski mpya, ile isiyozunguka. Zamani gemu lilichukua dakika kumi kufunguka, na Mheshimiwa alizitumia kupanga mbinu. Sasa mpira ulianza hata koti hajavua: nane bila.

Ikabaki kadi ya picha. Mheshimiwa alishaichagua moja kwa sababu ina feni tatu, na feni tatu ni dalili ya uongozi.

"Kadi hiyo ina njaa," Adila akaonya. "Bila pawa saplai kubwa, kile kisanduku cha kugawa umeme, mtaunguza vyote."

Kamati ilikaa vikao vinne kuijadili njaa ya kadi. Pawa saplai ikawekwa peke yake: nane bila, nami nikaandika "hali ni tulivu". Kisha kadi ikachomekwa. Picha zilitakata hata umma ukaliona jasho la golikipa wa Mheshimiwa. Kumi na nne bila.

"Basi jibu hilo," alisema Adila akifuta mikono. "Safisha, ongeza ramu, weka diski mpya. Lakini kadi ndiyo mama yao, mradi umeme wake unatosha. Mfungulieni bibi wa watu."

Mheshimiwa akakataa kusaini. "Bado inasumbua. Utepe ubaki."

Hiyo ilikuwa wiki ya tisa. Bi Mwanaharusi alikaa kwenye kizingiti cha kibanda chake akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikaona aibu. Aibu haina nafasi kwenye fomu. Ila utaratibu unasema nakala ya tatu iende mkoani, na siku hiyo niliufuata utaratibu kuliko siku zote.

Kutoka huko mkoani akaja Bwana Yahya, mtaalamu wa vipimo, anayekaribia kustaafu. Alilisoma jedwali amesimama, akaketi, akalisoma tena.

"Aliyefungwa ni nani?"

"Ni mimi, lakini..." alianza Mheshimiwa.

"Mara zote ni wewe? Na hukujifunza chochote katikati?"

Mheshimiwa alihisi anaitwa kigeugeu. "Ndugu yangu, nilivyoanza ndivyo nilivyo! Hakuna hapa wa kusema nimebadilika hata chembe!"

Wajumbe wote tulinyoosha mikono kuthibitisha.

"Miaka thelathini," alisema Bwana Yahya, akivua kofia, "nimekagua mizani, rula, pampu za mafuta. Vyote hupotoka. Sijapata kuona kitu kinachobaki vilevile namna hii."

Palepale akamtunuku cheo cha Kipimo Rasmi cha Mkoa. Mheshimiwa alisaini kwa furaha, na masharti yalikuwa nyuma ya karatasi. Kipimo hutunzwa kilipofanyia kazi, kwa hiyo kibanda kifunguliwe leo hii. Kompyuta zote za gemu kuanzia Kerege mpaka Ubena zitapimwa kwa yeye kufungwa. Mazoezi ni marufuku. Akipotoka, anapelekwa karakana, na cheo atapewa mwingine. Bi Mwanaharusi akasaini kumpokea: kipande kimoja, kizima. Utepe ukakatwa kwa mkasi wa Adila.

Alhamisi iliyopita nilikuwepo.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi," Mheshimiwa alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa nikufunge."

Akakaa. Ilipofika kumi na moja bila, mpira ukamgonga mchezaji wake mgongoni ukaingia golini kwa bibi. Mheshimiwa aliruka, akaikumbatia nguzo ya kibanda, akacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kumwona akifurahi vile, hata siku alipoapishwa.

Kisha akagundua kwamba hakuna mwingine anayeshangilia. Adila alikwishatoa fomu ya vifaa vilivyopotoka na alikuwa akitafuta kalamu.

Mheshimiwa aliketi upesi, akageuza mchezaji wake, akajifunga mabao mawili mfululizo.

"Mama," aliuliza, jasho likimtoka, "bado niko sawa?"

Bi Mwanaharusi aliitazama skrini kwa makini, kama mwenye dhamana.

"Uko sawa, mwanangu," alisema. "Ongeza moja, tuwe na hakika."