Pipa la Thobias Latua Katonga

Thobias aliposikia kwamba akina mama wa Katonga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, wanatafuta mtambo wa kusafisha maji, na kwamba watalipa kwa magunia ya dagaa, alishikwa na huruma ya ghafla kwa watoto wanaoharisha. Huruma hiyo humjia kila anaponusa dagaa.

Alishuka mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na paneli ya sola, pampu ndogo na pipa la bluu lililobebwa na wanaume watatu. Aliapa kuwa ni tupu, halina kitu ila chujio jepesi. Paneli na pampu vilikuwa vya kweli. Ndani ya pipa, badala ya chujio, alificha dumu wazi la maji safi lililounganishwa na bomba la chini.

Aliwahutubia juu ya Warumi na mifereji yao ya mawe, kisha akalifikia jua la Kigoma, ambalo kwa maelezo yake lilikaa bila kazi tangu kuumbwa. Mama Verediana, mwenyekiti wao, alimsikiliza kwa adabu, akamimina pipani ndoo ya maji ya pale wanapooshea samaki. Bomba likatoa maji maangavu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa unywe wewe kwanza. Kwetu Waha mwenye kinywaji huonja mbele ya mgeni, ionekane hakina sumu."

Thobias alikunywa kwa madaha. Lakini kila mama alileta ndoo yake ya maji machafu, na kila ndoo ilitaka mwonjaji. Maji ya dumu yakaisha, na maji machafu yakapanda pipani hadi yakamwagikia ndani ya dumu. Kikombe kilichofuata kilikuja na magamba ya samaki wa migebuka. Thobias aliyatazama magunia yaliyopangwa mbele yake, akanywa, akasifu ladha.

Jua lilipozama alikuwa mpangaji wa choo cha mwalo.

Alipopata nguvu za kutoka, alikuta akina mama wamelitupa dumu na kujaza pipa mchanga, changarawe na mkaa, kama bibi zao walivyochuja maji mitungini. Pampu ilivuta maji kutoka kina kirefu cha ziwa kwa jua lile lile alilolisifu. Yakishachujwa, waliyachemsha.

Alidai magunia yake, au basi vifaa vyake. Verediana akamwambia kituo cha polisi hakiko mbali, akaeleze mwenyewe alichokuwa anauza. Thobias alijaribu maelezo hayo kichwani, akaona hayana mwisho mzuri.

"Pipa tupu halibebwi na wanaume watatu, mwanangu," alisema Verediana.

Akachota kikombe, akaonja yeye kwanza, akampa. Thobias alikuwa na kiu, akanywa yote. Yalikuwa maji mazuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma.