Hotuba ya Kufungua Masomo ya Chuo Sapiwi, Ng'ombe wa Mahari Wakisubiri

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa majukumu mazito ya kitaifa hakuweza kufika, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, ndugu Mratibu Mkuu wa Mpango, ambaye pia ni mimi, Bundala, wazee wetu wa Sapiwi, viongozi wa dini zote, pamoja na wale wa matambiko ambao hatuwataji ila tunawatambua, wanunuzi binafsi wa pamba, matunda halisi ya soko huria, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne mliopangwa juani kwa urefu, akina mama, na ng'ombe wale ninaowaona pale pembeni, mwadila!

(Tukaitikia salamu hiyo ya kwetu, mwadila. Ng'ombe hawakuitikia. Walikuwa ng'ombe wa mahari, wameswagwa kutoka Kimali na kijana Nyanda, anayemtaka mjukuu wangu Nyamizi, aliyekuwa kidato cha tatu. Baba yake, mwanangu Masunga, alikwisha apa mbele ya ukoo: chuo kikiwepo, mtoto anasoma, ng'ombe wanarudi kwao, kisipokuwepo, jioni ile ile wanaingia zizini. Na ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini, maneno yamekwisha. Ndiyo maana nilikaa mbele kabisa, puani mwa huyo bwana mwenye tai.)

Ndugu wananchi, katika zama hizi za mageuzi, ubinafsishaji na uchangiaji wa gharama, ambapo serikali imejitoa katika kufanya na kubaki katika kuwasimamia wanaofanya, na pale ambapo hakuna anayefanya, kusimamia vivyo hivyo, imeonekana, baada ya semina elekezi kadhaa na warsha moja iliyolazimika kufanyika hotelini Mwanza kwa sababu ya upepo, kwamba mwanafunzi wa sekondari asingoje kumaliza shule ndipo akitafute chuo, bali chuo kimfuate hapo hapo shuleni, asubuhi asome jiografia, mchana asome masomo ya chuo ya ufundi wa mitambo ya kuchambulia pamba, ili siku anapomaliza kidato cha nne awe ameshika cheti cha shule mkono wa kulia na nusu ya cheti cha chuo mkono wa kushoto!

(Makofi. Hapo hata mimi nilipiga. Jambo zuri ni zuri hata likitoka kwenye mdomo wa namna ile. Na Nyamizi ni mtoto wa vyuma. Redio yangu aliifungua yote akaifunga, zikabaki skrubu mbili mkononi mwake, na inaimba kuliko ilivyotoka dukani.)

Mpango huu, ambao kitaalamu tunauita Programu Jumuishi ya Pailoti ya Kapasiti Bildingi kwa Vijana wa Mkondo wa Ufundi, umebuniwa kwa kuzingatia sastenabiliti, umejikita kwa stekiholda, na umefanyiwa fizibiliti stadi ambayo ilikuwa nene kiasi kwamba ilibebwa na watu wawili. Nami bila kujisifu, maana wanaonisifu ni wengi na sipendi kuwaingilia kazi yao, niseme tu kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na sita, ukilinganisha na asilimia sifuri wakati wa yule aliyenitangulia, na hiyo asilimia nne iliyobaki ni mambo madogo madogo ya kumalizia.

(Mzee Salu akauliza kwa sauti, "Hiyo tisini na sita inakaa upande gani? Twende tukaione kabla ya mvua." Watu wakacheka. Bwana Bundala naye akacheka, akidhani ameshangiliwa.)

Wapo wapinga maendeleo wanaouliza, jengo liko wapi? Ndugu zangu, huo ni mtazamo wa zamani! Wakati wa ushirika tulijenga maghala, yako wapi leo? Popo wamejaa! Chuo cha kisasa si matofali, chuo ni fikra! Wengine wanauliza, walimu wako wapi? Nami nawajibu, wako katika mchakato! Na mchakato, ndugu wananchi, si sehemu ndogo; nimefanya kazi humo miaka mingi na wala sijafika mwisho wake!

(Hapo nikamwona Masunga anageuza shingo kuwatazama ng'ombe. Namjua, nimemzaa mimi. Nyanda naye akaanza kutafuta fimbo yake. Kule kwenye mstari Nyamizi alikuwa anatazama vidole vya miguu. Nikasimama. "Baba Bundala," nikasema.)

Bibi, maswali yatakuwa mwishoni, kwa maandishi.

("Kuandika sijui. Kusema najua. Mjukuu wangu Nyamizi, yule pale mwenye soksi moja, ameandikishwa kwenye hicho chuo au hajaandikishwa?")

Suala la udahili, bibi yangu, linahitaji mkabala shirikishi, na siyo jambo la kukurupuka hadharani…

("Aa, pole, mwanangu. Nilidhani wewe ni mkubwa. Kumbe mpaka ukamwulize mkubwa." Uwanja mzima ukasema: "Eheee!")

Nani? Mimi? Mimi Bundala nimwulize nani? Bibi, kaa chini usikie! Wananchi, sikieni, na yule kijana aliyeshika kamba asikie! Kwa mamlaka niliyonayo, ambayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwa macho, natamka kwamba Nyamizi binti Masunga ni mwanafunzi wa kwanza kabisa wa masomo haya ya chuo! Ni mali ya mpango! Mzazi atakayepokea hata mbuzi kwa ajili yake kabla hajamaliza, nitamweka ndani mimi mwenyewe, na kijana aliyeleta mifugo hapa aiondoe mara moja, inaharibu mandhari ya ufunguzi!

(Vigelegele! Felisita jirani yangu alipiga mpaka kitenge kikamdondoka. Masunga akabaki na kiapo chake mdomoni. Akaenda kwa Nyanda, wakanong'ona, akampa mkono wa kuvunja posa mbele ya wazee, na mkono huo haurudishwi. Ng'ombe wakageuzwa. Vumbi likapanda, likashika njia ya Kimali. Yule bwana alidhani vigelegele ni vyake, nasi tukamwachia.)

Asanteni! Asanteni sana! Nikihitimisha, maana nina ufunguzi mwingine kama huu Mwamanyili saa kumi, naomba kutoa shukrani za dhati. Nawashukuru wanakwaya kwa kutuazima majoho haya waliyovaa wahadhiri, na nawashukuru wahadhiri wenyewe, ambao ni makuli wa gari langu, kwa kukaa kimya kwa heshima. Namshukuru mfadhili wetu, ambaye kwa kuwa bado hatujampata, tunamshukuru mapema. Na zaidi ya yote nawashukuru ninyi kwa kujaa namna hii, kwani mpiga picha ameshawapiga, na kwa picha hizi sasa tunaweza kwenda kwa wakubwa kuwaeleza kwamba wananchi wa Sapiwi wanahitaji chuo, ili nao, wakipenda, waanze kufikiria kama uwepo mpango. Ufundi!

(Watu wakaanza kuinuka, wakijikung'uta vumbi.)

Ufundi hoyee! Soko huria hoyee! Chuo ni fikra!

(Sauti moja ikaitikia, ya kuli mmoja, akiwa anavua joho. Gari likawashwa, likaondoka. Masunga akanijia mbio, jasho linamtoka, anapaza sauti kama anachunga.

"Mama! Umesikia? Chuo hakipo!"

"Nimesikia. Na ng'ombe nao hawapo."

"Mama, nimempa Nyanda mkono! Mbele ya wazee!"

"Ndiyo. Tumekuona wote. Umefanya vizuri, baba." Nikamwita Nyamizi, nikamfuta vumbi usoni kwa kanga yangu, na machozi niliyafuta humo humo, yake na yangu. "Wewe nenda darasani. Kesho si una mtihani wa fizikia? Usiponiletea maksi nitakuchapa mimi, simngojei Bundala.")