Kisu Kisichovunja Sheria

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe, fundi saa, anastaafu! Jumamosi tunakula kwake, na hapo atamkabidhi mtu ufunguo wa karakana. Anataka mtu mwenye mikono. Mikono ninayo. Shida ni Bwana Kifungu, polisi aliyemwoa shemeji yangu, mtu wa kukariri sheria hata akiombwa chumvi. Nitamtengenezea mzee kisu cha kukunja. Atalia, na ufunguo utakuwa wangu.

Jumanne, 4 Juni
Ubapa: kipande cha msumeno mkongwe, nimekisugua kwa tupa mpaka bega likalalamika. Mpini: mwiko wa mke wangu. Msumari katikati, kikunjike. Mke wangu anatafuta mwiko. Nimemsaidia kutafuta.

Jumatano, 5 Juni
Bwana Kifungu kapita kusalimia, kaona kila kitu. Akanifundisha sheria ya hapa: marufuku kutembea na kisu kinachofyatuka kwa kitufe, au kinachojikaza kikishafunguka kisikunjike tena, au chenye ubapa mrefu kuliko kidole. Nikauliza kidole cha nani. Akainua chake. Salale! Mtu mzima, kidole kama njugu! Nimesugua upya.

Alhamisi, 6 Juni
Kisu kinalegea. Ukikata, kinajikunja na kumuuma mwenyewe. Nina bendeji. Mke wangu akasema, bila hata kuinua macho, niweke karatasi kati ya ubapa na mpini ndipo nigonge msumari, kisha niichomoe. Baba yake hufanya hivyo. Karatasi! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Ijumaa, 7 Juni
Hakilegei tena. Wala hakifunguki. Nimejaribu kucha, meno, mlango. Lakini hakifyatuki, hakijikazi, na ubapa wenyewe hauonekani. Kisu halali kuliko vyote! Kinafunguka nikikibandua kwa kisu kirefu cha jikoni tu. Basi, kesho naenda na vyote viwili.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu gani hii! Mlangoni Bwana Kifungu akanikumbatia, akahisi kitu ubavuni. Akachomoa kisu cha jikoni kutoka kwenye koti langu mbele ya ukoo mzima, akakariri kifungu. Mama mkwe akakaa chini. Nikatoa zawadi haraka, nikaapa kwamba kisu chenyewe ni hiki. Bwana Kifungu akakigeuzageuza, akasema hicho ni kijiti. Mke wangu akautambua mwiko wake. Aliyoyasema siyaandiki.

Kisha mke wangu akakichukua kisu, akaingia karakanani, akang'oa msumari, akachana karatasi ya kalenda, akagonga taratibu. Akarudi akimmenyea baba yake chungwa nacho. Mzee akalia kweli. Akampa ufunguo. Yeye! Roho iliniuma.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amenipa kazi karakanani: kufagia. Nimefagia huku nawaza. Mzee alitokwa machozi kwa ajili ya kisu changu, hilo halina ubishi. Kosa lilikuwa udogo wake. Sasa namtengenezea panga la kukunja, halali kabisa, na msumari nitaugonga bila karatasi, maana karatasi ni za watoto wa shule. Mpini nimeshaupata, mrefu, umenyooka.

Mke wangu anatafuta ufagio. Nimemsaidia kutafuta.