Yona Alivyoniponza Siku ya Mtihani wa Uzamili

Wenzangu wa kozi, leo nimepata fedheha ambayo sina pa kuificha, kwa hiyo nawaletea wenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine.

Niko mjini, kwenye duka la kompyuta za kukodi. (Hizi ndizo kompyuta ambazo kila mtu anasema zitagoma ifikapo mwaka elfu mbili. Zingegoma leo ningeshukuru.)

Mnajua mimi ni mtu wa mtaa wa Huruma. Natunza maktaba ya shule ya msingi, na hii shahada yetu ya uzamili ya maktaba na usimamizi wa habari naisomea jikoni, mguu mmoja ukibembeleza mtoto. Moduli zinakuja kwa posta, zikipenda. Katika kituo chetu cha mtihani cha huku Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, tuko wanafunzi wawili tu: mimi na Mzee Kilonzo.

Kwa asiyemfahamu, Mzee Kilonzo ni karani wa faili hospitalini. Ni Mkamba mpole, anaishi mtaa wa Mbotela tangu ujana wake, na mwakani anastaafu. Wenzake kazini humuuliza shahada ni ya nini, naye anakaribia kurudi nyumbani kufuga mbuzi. Huwajibu, "Mbuzi hawatajali."

Moduli yangu ya uainishaji wa vitabu ilipopotea posta, nilitaka kuacha kozi. Mzee Kilonzo akaketi na yake, akainakili yote kwa mkono, hata michoro, akaniletea Huruma kwa miguu, mvua ikinyesha. Karatasi zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapa chapa. Sasa niambieni, baada ya kuona mwandiko ule ningeachaje?

Basi leo Jumamosi ndiyo siku ya mtihani wa mwisho. Chuo kilituombea chumba katika uwanja wa kanisa moja pale Mbotela. Barua ilisema "chumba kilicho nyuma ya ukumbi". Kichwani mwangu likabaki neno moja tu, ukumbi.

Nimeamka nimechelewa. Nywele hazikuwa na hali ya kutazamwa, nikazifunga kitambaa cheupe. (Kikumbukeni kitambaa hicho. Kina lawama zake.) Nikafika getini nikihema.

"Mtihani uko wapi?" nikamuuliza askari.

"Huko ndani kwa ukumbi, mathe. Washaanza kuingia."

Nikaingia. Madawati yametenganishwa vizuri. Kuna utulivu wa mtihani ule wenyewe, ule wa kusikia mpaka tumbo la jirani likinguruma. Akina mama wengi wamekaa wameinamisha vichwa, na wote wana vitambaa vyeupe. Sikushtuka. Nilijua chuo kina kozi nyingi, nikadhani labda hawa ni wauguzi. Mzee Kilonzo sikumwona, nikasema leo na yeye kachelewa, maskini.

Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye nilijua anaitwa Mama Loise, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lile.

"Umekuja kwa mtihani?"

"Ndiyo, mama."

"Karibu. Bwana akufungue akili."

Nikaona huyu msimamizi ana roho nzuri. Nikaketi, nikapewa karatasi.

Karatasi ilikuwa ya Kiswahili. Miaka hii yote tumefanya mitihani kwa Kiingereza, leo ghafla Kiswahili. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nilifurahi. Nikasema hatimaye chuo kimetukumbuka.

Swali la kwanza: "Panga vitabu vifuatavyo kwa utaratibu unaofaa: Zaburi, Ruthu, Warumi, Yona, Esta."

Nikatabasamu. Nikaona walimu wametumia mfano wa vitabu ambavyo kila mtu anavijua, ili wapime kanuni tupu. Nikaandika kwamba hakuna utaratibu mmoja unaofaa. Kwamba inategemea msomaji ni nani na anatafuta nini. Nikavipanga kwa alfabeti, kisha kwa mada, kisha nikaeleza udhaifu wa kila njia. Ukurasa mzima.

Swali la pili: "Kwa nini Yona alikimbia?"

Hapo nilisita kidogo. Lakini ukisoma jambo moja kwa miezi mingi, peke yako, sufuria ikichemka pembeni, unaanza kuliona kila mahali. Nikaandika: "Yona alipata habari sahihi, kwa wakati ufaao, kutoka chanzo cha kuaminika. Tatizo halikuwa huduma. Tatizo lilikuwa mtumiaji, ambaye hakuwa tayari kuipokea." Nikapigia mstari neno mtumiaji.

Swali la tatu: "Malkia wa Sheba alimwendea Sulemani kwa nini?"

Hilo nililipenda kupita yote. Nikaandika kwamba malkia alikuwa na hitaji la habari ambalo vyanzo vya kwao havikulitosheleza. Nikaongeza kwamba mhudumu mzuri wa maktaba hamjibu msomaji haraka, humhoji kwanza ajue anachotaka hasa, na hivyo ndivyo Sulemani alivyopaswa kumfanyia malkia. (Nilikuwa natiririka kama bomba lililopasuka. Sijawahi kuandika vizuri namna ile.)

Swali la nne: "Taja jina la mwekahazina wa akina mama wa tawi lenu."

Kalamu ikasimama.

Nikalisoma tena. Nikatazama kulia. Mama wa kulia alikuwa anaandika bila wasiwasi. Nikatazama ukutani mbele, na hapo ndipo nilipoona kitambaa kikubwa kimetundikwa, kimeshonwa kwa herufi nyekundu: SHINDANO LA BIBLIA LA AKINA MAMA.

Jambo la kwanza nililofikiria halikuwa aibu. Nilifikiria kwamba mtihani wangu unaendelea mahali fulani bila mimi, na kwamba nikiukosa ni kungoja mwaka mzima. Nikainua mkono, lakini kabla Mama Loise hajanifikia, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Mzee Kilonzo. Amevaa koti lake la rangi ya udongo, amevua kofia, ameishika kifuani kama mtu aliyeingia msibani.

"Samahanini sana, akina mama," akasema kwa upole. "Namtafuta mwenzangu. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili."

Vichwa vyote vikainuka. Wakatazamana kumtafuta msomi. Nami nikasimama.

"Mama Brian," akasema, na uso wake ukafunguka. "Nimekutafuta mpaka barabarani. Nilidhani umegongwa na gari."

Nilitaka kutoroka na karatasi yangu. Mama Loise akaidaka. "Iliyoandikwa lazima isahihishwe," akasema. Kisha akaanza kusoma. Nadhani alikusudia kusoma kimoyomoyo, ila sauti ile haijui kimoyomoyo.

"Yona alipata habari sahihi... tatizo halikuwa huduma... tatizo lilikuwa mtumiaji..."

Akasoma na la Sheba, polepole, uso ukizidi kukunjamana. Alipofika pale nilipoandika kwamba Sulemani alipaswa kumhoji malkia kwanza, bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Huyu ni wa kanisa gani?"

Wakapasuka. Wenzangu, mmewahi kuchekwa na ukumbi mzima wa akina mama wacha Mungu? Hawacheki kwa ubaya, na hilo ndilo linalouma. Mmoja alilazwa dawatini na kicheko, kitambaa kikamdondoka. Mama Loise mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa karatasi yangu.

Mzee Kilonzo hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafakari, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Jibu la tatu liko sawa kabisa."

Kisha akanifungulia mlango, nikapita mbele kama mgeni wa heshima.

Chumba chetu kilikuwa hatua chache tu nyuma ya ukumbi. Msimamizi wetu, Mwalimu Damaris, ni mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, asiyetabasamu bila sababu. Alikuwa amekaa na saa yake mezani. Kwenye dawati la Mzee Kilonzo karatasi ya maswali ilikuwa imelala kifudifudi. Haikuwa imeguswa.

"Nilimwambia aanze," Mwalimu Damaris akaniambia. "Akaniambia hawezi kuandika huku hajui mwenzake yuko wapi. Nikamwambia muda unakwenda. Akasema, 'Uache uende, Mwalimu,' akatoka."

Nikamgeukia Mzee Kilonzo. Alikuwa anachonga penseli.

"Bado mnaruhusiwa kuingia," Mwalimu akaendelea, "lakini siwaongezei hata dakika moja. Sheria si yangu."

"Tumekubali," Mzee Kilonzo akajibu kwa niaba yetu sote.

Tukaandika. Niliandika nikiwa bado nasikia vicheko vikipenya ukutani, lakini niliandika. Maswali niliyajua. Kila nilipokwama nilikuwa nauona ule mwandiko wake wa mkono, mstari kwa mstari, na jibu linakuja. Nilimaliza swali la mwisho Mwalimu Damaris akiwa tayari amesimama kukusanya karatasi.

Mzee Kilonzo hakumaliza. Niliona. Ukurasa wake wa mwisho ulikuwa mweupe.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Mzee, lile la mwisho umeliacha kwa sababu yangu."

"Aa, lile," akasema, akivaa kofia. "Lile hata ningepewa kutwa nzima nisingeliweza. Somo lile lilinishinda tangu mwanzo."

Swali lilikuwa la uainishaji. Ni yeye aliyenifundisha. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, nikaona anavyotazama pembeni, nikaufunga. Kuna uongo ambao ukiukosoa unamkosea mtu adabu. Nilimwambia tu, "Asante, Mzee." Akasema tuharakishe, jua ni kali.

Getini tulimkuta Mama Loise na soda mbili za baridi. Alitupa bila kutuuliza kama tunataka. Mwalimu Damaris alikuwa ametutangulia na kumsimulia yote, na sasa Mama Loise alimtazama Mzee Kilonzo kama anavyotazamwa mchungaji mgeni.

"Baba, wewe ni mtu," akamwambia. Halafu akanigeukia, mdomo ukimcheza. "Na wewe, mama, umekuwa wa mwisho. Lakini tumekupa alama moja ya mwandiko."

Nikashukuru. Kicheko chake tulikisikia mpaka tulipofika Jogoo Road, na safari hii Mzee Kilonzo naye alicheka, mabega yakimtikisika, mpaka ikabidi asimame ashike ukuta.

Kwa hiyo wenzangu, matokeo ya mtihani mmoja mnayo, ya ule mwingine tunasubiri. Nawaombeni msicheke, na mkishindwa kabisa, basi chekeni kwa sauti ya maktaba.