Ndoo Chini ya Mnyanya

Jumatatu, 3 Machi

Salamu nyingi, daftari langu. U mzima? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila pua. Unisamehe kwa kukufungia kabatini miaka yote hii. Kurasa zako za mwanzo nimezikuta zimejaa joto la miili yetu, asubuhi na jioni, tangu wakati ule wa kufungiwa ndani. Mama watoto 36.6. Kifungua mimba 36.4. Kitinda mimba 37.9, na pembeni nimeandika: alikuwa anakimbia ngazini, tusiogope. Nimecheka, kisha nikatazama dirishani. Wakati ule tulikuwa watano kwenye vyumba viwili, tukigombania kiti cha dirishani. Watoto wameshakwenda kuanza maisha yao. Kiti kipo, hakina wa kukigombania.

Siri yangu ni hii. Ule ugonjwa ulipoondoka uliondoka na pua yangu, ukaiacha usoni kama pambo. Sisikii harufu ya chochote. Mama watoto nilimwambia zamani kwamba imerudi, maana alikuwa analia akipika, kwa kunihurumia. Tangu hapo kila sufuria ikifunuliwa nasema inanukia. Mungu ananiona.

Mpango: nyanya. Marehemu mama alikuwa akinichukua bustanini kutoa viwavi, nami nikirudi vidole vinanuka majani ya mnyanya hadi wakati wa kulala. Harufu ile ndiyo itakayoiamsha pua hii. Nina minyanya minne roshani, kwenye makopo ya rangi. Kila asubuhi nainusa. Hakuna kitu. Nimechunguza sana, nimegundua kosa si la pua. Minyanya ni dhaifu.

Jumatano, 5 Machi

Jirani wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa hesabu, nyanya zake zimeanza kuiva. Roshani zetu zimetenganishwa na ukuta wa kiunoni, kwa hiyo kuzikwepa siwezi. Ameniuliza kama ile yangu ni minyanya au kamba za kuanikia nguo. Nikamjibu mvumilivu hula mbivu. Akasema mbivu anazo yeye, nikichoka kuvumilia nije niombe mbili. Nimemwombea heri. Kisha nikawaombea viwavi riziki, bila kutaja mlango.

Muuza samaki sokoni amenipa dawa. Vichwa vya samaki, kinyesi cha kuku, maji, ndoo, siku kumi. Akasisitiza niiweke mbali na nyumba. Mbali wapi, na nyumba yangu kutoka mlango hadi roshani ni hatua kumi na nne? Nimeiweka chini ya mnyanya wa kwanza, karibu na dirisha la jikoni. Mfuniko sikuuona, nimefunika kwa sinia. Mama watoto aliuliza ni nini. Nikasema maji ya mvua. Mvua yenyewe haijanyesha tangu Januari, lakini hakuniuliza zaidi. Mke mwema ni zawadi.

Jumatatu, 10 Machi

Ugonjwa umerudi.

Mshonaji wa ghorofa ya chini nimemwona anapanda ngazi na barakoa. Mwalimu yuko roshani kwake na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Mleta gesi aliuacha mtungi chini, akaita kutoka barabarani kwamba huko juu hapandi, ana watoto. Redioni hawajasema kitu, lakini macho ninayo.

Nimetoa kipimajoto. Mimi 36.5. Mama watoto 36.5. Mlangoni nimeweka dumu la maji na sabuni ya kunawa. Mama watoto akalitoa boksi la barakoa alizowashonea watoto. Ile ndogo kabisa ina maua. Tulikaa nayo mezani muda mrefu. Akaniuliza kama nakumbuka tulivyocheza karata kwa kuwekeana maharage. Nikasema nakumbuka, na nakumbuka nani alikuwa anaiba. Akasema ushahidi ulipikwa ukaliwa. Alicheka mpaka akashika meza. Sijasikia kicheko kile tangu watoto waondoke.

Mungu anisamehe, nilitamani ugonjwa ukae hata wiki moja.

Alhamisi, 13 Machi

Ibadani nimekaa safu nzima peke yangu. Watu wanajua kujilinda. Nimewasifu.

Siku kumi hazijatimia lakini subira imetimia. Nimekoroga ndoo kwa mwiko wa zamani, nikamwagilia. Kufika jioni mnyanya wa kwanza umeinua kichwa. Mwalimu akafunga madirisha yake yote, moja baada ya jingine. Wivu huo.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu yangu, daftari.

Mshonaji alikuja, akasimama ngazi ya tatu kutoka juu. Akasema, "Shemeji, poleni. Nani kawafia humo ndani?" Nikasema wote wazima, joto letu 36.5, na ugonjwa umefika ghorofa ya ngapi? Akasema ugonjwa gani, hizi barakoa tunazivaa kwa ajili yenu, panya wenyewe wamehama.

Mwalimu akatokea. Akasema amepiga hesabu ya upepo na jibu liko roshani kwangu. Akaingia, akainua sinia. Machozi yakamtoka mtu mzima na pensheni yake. Mimi nimeinamia ndoo, mama watoto kando yangu, natabasamu, najiuliza kimempata nini.

"Kwani nyinyi hamsikii?" mshonaji akauliza.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema sisikii, tangu ule ugonjwa. Nikainamisha kichwa nisubiri hukumu ya mama watoto, kwa kila "inanukia" ya miaka yote ile.

Akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Hata mimi."

Kumbe kile kilio cha jikoni kilikuwa cha pua yake. Nilipotangaza kwamba yangu imepona, aliona vibaya kubaki nyuma, akatangaza na yake. Amekuwa akipika kwa kumbukumbu ya mkono. Chumvi kwa vidole, kitunguu kwa rangi. Nami nasifu, naye anashukuru.

Mshonaji alicheka mpaka akakaa ngazini. Ndoo aliibeba Mwalimu mwenyewe hadi jalalani, mkono ameunyoosha mbele kama anambeba nyoka. Tukaapa mbele ya Mungu, mimi na mama watoto: hakuna kudanganyana tena. Na hakuna ndoo.

Jumapili, 23 Machi

Nyanya ya kwanza imeiva. Moja, ndogo. Mama watoto alichuma jani, akalisugua vidoleni, tukaketi mezani. Akanusa yeye, kisha akaniletea vidole puani. Nikafumba macho. Nikamwona mama, nguo imeloa umande hadi magotini, ananionyesha kiwavi niliyemruka. Nilimwona wazi kabisa. Harufu, hakuna.

"Unaisikia?" akauliza. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama kitinda mimba, akingoja kipimajoto.

Nikasema naisikia.

Machozi yakamtoka. Akasema hata yeye.

Sasa silali. Mimi nimedanganya. Yeye je? Kama amesikia kweli, basi pua yangu imebaki peke yake duniani. Nimefikiri sana, nimeona dawa ni mbolea yenye nguvu zaidi. Nimeloweka vichwa kumi na viwili. Ndoo mpya nimeipitisha juu ya ukuta, ipo nyuma ya minyanya ya Mwalimu. Wiki hii ana mafua.

Daftari, ulikuwa pale pale mezani, uliuona uso wake. Ameisikia kweli? Tafadhali nijibu upesi.