Sahani Tupu za Asteria

Jumapili, 8 Juni 2025

...na ndiyo maana nasema hakuna mwanamume Katoro nzima aliyeoa vizuri kama mimi. Bado tunanukia harusi! Asteria anaimba akisonga ugali. Natamani kumbusu. Siwezi. Midomo imevimba tena, ndani vidonda vitupu, hata maji yanachoma. Tangu uchumba namwambia ni nyuki. Leo kauliza, mbona nyuki wa Katoro wananipenda mimi tu? Nikajibu ni utamu wangu. Kacheka. Malaika!

Nimepata mbinu. Sisi Wasukuma, wanaume hula pamoja uani, sahani moja. Namwalika Onesmo, mwenzangu wa pale karasha tunakosaga mawe ya dhahabu. Yeye atakula, mimi nitatia mkono tu. Sahani itarudi tupu, mke wangu atafurahi.

Jumatano, 11 Juni

Imefanikiwa mno. Onesmo kamaliza sato na mchuzi, akaomba ugali mwingine! Anapaza sauti mpaka jikoni: shemeji, mkono wako una dawa! Nikamnong'oneza apunguze. Kasema wema hausifiwi kimyakimya. Mimi nashindia uji uliopoa, kwa mrija, nyuma ya karasha. Suruali inashuka.

Nimekwenda hospitali kwa siri. Damu yangu safi. Daktari kasema ugonjwa huu ni wa kudumu, mwili wenyewe unaivimbisha midomo. Hauambukizi, na dawa za kuutuliza zipo. Nirudi Jumatatu wakate kinyama kidogo cha mdomo kikapimwe. Tena nije na mke wangu aelezwe. Nimtishe mtoto wa watu, fungate halijaisha? Thubutu!

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Mama Mbuke, jirani muuza dagaa, kamwambia Asteria kwamba mume anayekonda hivi, mdomo umeoza, huo ni ukimwi, awahi kujipima. Asteria kanijia analia, anataka ukweli. Nikasema ni uchovu wa kazi. Akauliza, sahani zinarudi tupu, basi chakula chake kinakwenda wapi? Onesmo, aliyekwishaketi kusubiri cha mchana, akacheua.

Asteria akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kasema kumbe namwona uchafu hata nisionje alichopika. Kapanda basi kwenda kwa baba yake, Ushetu.

Jumatatu, 16 Juni

Nyumba kimya. Nimejaribu kuliita jina lake, mdomo ukapasuka, damu. Leo ndiyo siku ya hospitali. Sikwenda. Akirudi akanikuta na kovu?

Ila nina mbinu safi! Baba mkwe hawezi kumsikiliza mtu asiyeweza kufumbua kinywa. Nimemtuma Onesmo akanisemee. Ushahidi wa mapishi ya Asteria anao kunishinda. Nimempa shati langu la harusi, maana lake halifungi tena tumboni. Kakubali upesi, hata nauli hakuomba. Rafiki wa kweli! Nimemwagiza ambembeleze mke wangu taratibu, kwa maneno matamu, hata ikichukua siku kadhaa, ila asithubutu kutaja hospitali.

Mpenzi wangu Asteria, mimi mwenyewe nitafika kabla ya mwezi huu kwisha. Midomo ikishuka tu.